Karibu Haingoji Kiti

Nyandwi alikuja mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, mimi nikiwa uani napepeta mahindi. Sura yake ningeipita barabarani, maana amenenepa na amefuga ndevu, ila hodi yake niliijua. Hupiga moja tu, halafu ananyamaza kabisa kama mtu aliyetega sikio ukutani. Nikajibu "karibu" palepale nilipokaa, ungo mkononi, kabla sijanyoosha hata goti. Nikamsikia anacheka mlangoni. "Bado haichelewi," akasema. Hakuketi. Alipita moja kwa moja hadi kwenye kabati la nguo chumba cha nyuma, lile la mninga, akafungua mlango wake na kusimama mikono nyuma. Upande wa ndani wa mlango ule kuna michoro ya chaki: visanduku kumi na kimoja, mishale inayotoka huku kwenda kule, na maneno. "Nyogokuru," akasema, maana akiguswa na jambo huniita bibi kwa Kirundi cha kwao Katumba, "kumbe hukufuta?" Nikamwambia kazi ya watu haifutwi kama vumbi, akae anywe chai.

Alikaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mshenga aliyekuja kuposa. Na kweli alikuwa ametumwa. Mjukuu wangu Kalunde anafundisha wachimbaji wadogo namna ya kushuka shimoni na kutoka wazima, kwa ile miwani waliyoitengeneza wawili hawa ndani ya nyumba yangu. Sasa wachimbaji wamemuuliza swali, na swali lenyewe ni la haki: wewe unayetufundisha, umeshawahi kushuka? Hajawahi. Anataka ashuke. "Amesema hashuki bila ruhusa yako, Bibi. Aliahidi, ndiyo maana nimekuja." Nilikuwa namimina chai. Ilijaa kikombe, ikajaa kisosi, ikamwagika mezani, ndipo nikaona. Nikafuta meza. Nikamwambia aende, jibu nitalituma.

Sikulituma. Siku zikapita, nami nikawa nafungua lile kabati bila kutafuta nguo.

Habari za ukoo wangu hazina kazi hapa. Nilisoma mpaka darasa la nne, nimepika maisha yangu yote, naishi Kawajense. Inatosha kujua kwamba Kalunde ni mtoto wa mwanangu Maganga, na kwamba Maganga alifukiwa machimboni binti yake akiwa na miaka tisa. Watu husema mtu anaumbwa ujanani. Mimi kilichoniumba ni mwaka mmoja wa uzee, nilipokuwa nimeshavuka sitini, mwaka ambao Kalunde alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta mbili, waya nyingi kama utumbo wa mbuzi, na mwenzake huyu Nyandwi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliyeanza kwa kutengeneza redio za watu kule Katumba kabla ya kusomea mambo ya mashine. Usiku alilala kwa dada yake, mtaa wa Nsemulwa. Asubuhi alikuja na baiskeli, akanywa uji kwangu, wakafunga pazia, wakaanza kazi.

Kazi yenyewe walinieleza siku ya kwanza, nikaitikia kwa kichwa nisielewe. Walisema wanasanifu injini. Nikauliza ya gari au ya mashine ya kusaga. Kalunde akasema, "Ya dunia, Bibi. Mtu anavaa miwani, anaona yuko mahali pengine. Injini ndiyo inayomchorea hapo mahali." Nikamwuliza kwa nini mtu aliyekaa Kawajense atake kuona yuko pengine. Nyandwi alicheka, Kalunde hakucheka, na mimi nilipaswa kuona hapohapo kwamba kuna jambo. Miwani yenyewe ilikuwa jambo la kutisha, si ya kusomea wala ya jua. Lilikuwa boksi jeusi lisilo na tundu, linafunga uso kuanzia kwenye paji mpaka puani. Ukimtazama aliyevaa humwoni macho. Unaona anageuza kichwa kutazama kitu ambacho hakipo, na anakitazama kweli.

Nilipika nikisikiliza. Pazia ni kitambaa tu, na jiko langu la uani liko chini ya dirisha la kile chumba. Walichora kwenye mlango wa kabati kwa sababu ukuta ulikuwa unabanduka chokaa. Kila siku walibishana visanduku vikae vipi, kipi kimpe amri kipi. Mengi yalinipita. Yale niliyoyashika, afadhali yangenipita nayo. Siku moja Nyandwi alisema, "Kumbukumbu inavuja. Toka asubuhi inavuja, ikifika saa sita hata jina lake hailijui." Nikamwita Kalunde uani, nikamshika kidevu, nikamwuliza jina la shangazi yake, na jana yake tulikula nini. Akajibu vyote huku ananishangaa. "Kumbukumbu ya mashine, Bibi." "Mashine ina nini cha kukumbuka?" Nilirudi kwenye maharage yangu, ila toka siku hiyo sikulala vizuri.

Halafu ikaja siku ya sufuria. Nilikuwa nimeipua mboga ya karanga, naiingiza ndani, nikasikia nyuma ya pazia sauti ya Kalunde, tulivu kabisa: "Mzazi amekwama chini. Hasogei." Nyandwi akamjibu, "Mfute." "Ukimfuta mzazi, mtoto naye anapotea. Si amening'inia kwake?" "Basi usimfute. Mfiche tu, asionekane." Sufuria ilinitoka. Mboga ilimwagika mpaka kwenye waya zao, nami nilikuwa nimeshalivuta pazia na mwiko mkononi. "Nani anafutwa humu ndani mwangu?" Kalunde alisimama, akanyoosha mikono kama mtu anayemtuliza ng'ombe. "Bibi, mzazi ni ngazi." "Ngazi?" "Ngazi ya kwenye picha. Mtoto ni taa iliyotundikwa kwenye ngazi. Ngazi ikisogea, taa inaifuata. Kila kitu mle kinaning'inia kwenye kingine, ndiyo tunasema mzazi na mtoto." Nikamwambia ngazi haizai, na kwamba mzazi ni neno la mtu, na katika nyumba hii mtoto alishabaki bila mzazi wala hakupotea, yuko hapa ananijibu. Nyandwi aliokota sufuria. Kalunde alichukua chaki, akafuta maneno mawili kabatini, akaandika mengine. Mpaka leo pale pameandikwa MBEBAJI na MBEBWA.

Lakini swali lilikuwa limeshaota: ngazi ya kwenda wapi? Aliyenijibu bila kujua ni jirani yangu Bi Zuhura, mwenye duka la nyumba ya pili, ambaye mdomo wake hauna kufuli. Alikuja kuomba moto, akasimama mlangoni akichungulia. "Nyamizi wee, mjukuu wako anacheza ngoma isiyo na mpigaji. Nimemwona dirishani anatambaa sakafuni, anapapasa hewa. Mpeleke kwa mtu amtazame." Nikamwambia kama anataka mtu wa kutazama, anatosha yeye, maana haachi kutazama. Akacheka, akachukua kaa lake akaenda. Nikaingia chumbani. Kalunde alikuwa sakafuni kweli, magoti na viganja, boksi usoni, anasogea polepole kando ya kitanda kana kwamba dari limemkaribia mgongo. "Kalunde," nikamwita. Akaacha kutambaa. "Unatambaa wapi?" Hakutoa miwani. "Kwenye duara, Bibi." "Duara gani?" Akakaa kitako, boksi bado usoni. "La baba," akasema.

Duara ni shimo la wachimbaji, linalokwenda chini wima na halafu kuingia ubavuni mwa mwamba. Wakati ule nilikuwa nawapikia palepale machimboni, mimi na sufuria zangu chini ya turubai, hatua thelathini toka mdomo wa shimo alimofanya kazi mwanangu. Walikuwa na utaratibu wao. Hakuna aliyeshuka wala kuteremsha ndoo bila kupiga hodi kwanza pale mdomoni, na walioko chini lazima wajibu karibu, ndipo kamba ilegezwe. Kutwa nzima nilikuwa nasikia: hodi, karibu, hodi, karibu, mpaka nikawa nausonga ugali kwa mwendo huo. Asubuhi ile yalivunjika matimba, magogo yanayoegemeza kuta zisianguke. Nilisikia kitu kama mtu anavunja muhogo mkavu. Kikafuata kimya kidogo, kisha vumbi likatoka mdomoni mwa duara kama moshi wa kuni mbichi. Watu wakakimbilia pale, wakainama, wakapiga hodi. Walipiga hodi kutwa, na kesho yake, na kesho kutwa yake mpaka sauti zikawakauka. Siku ya tatu waliacha wao, mimi nikaendelea. Mtu ambaye hajawahi kupiga hodi kwenye shimo lisilojibu hajui ninachoogopa. Baada ya pale niliapa kwamba hakuna wa damu yangu atakayeingia tena chini ya ardhi kabla ya kufa. Na sasa mtoto wake alikuwa ameshuka, tena nyumbani kwangu, saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimempikia uji ili apate nguvu za kushukia.

Nilitaka kuivunja ile miwani kwa mchi. Sitaki kujipamba, nilikwenda mpaka kwenye kinu nikaushika mchi. Kilichonizuia ni maneno yake, aliyoyasema amekaa sakafuni, boksi mapajani, nywele zimemsimama. "Bibi, wanaoshuka wapya hawajui mlio wa gogo linalotaka kuvunjika. Wanaujifunza siku ileile linapovunjika. Nataka wausikie humu kwanza, wajifunze kukimbia, halafu watoe miwani waende nyumbani." Nikamwuliza, na wewe nani atakutoa? Akasema mle hamna jiwe hata moja. Nikamwambia mawe si kitu pekee kinachomfukia mtu.

Na alikuwa anafukiwa, nilimwona. Kila akivaa kile kitu alitoka amesawijika, jasho la baridi mdomoni, na ndoo niliyomwekea chini ya meza haikukaa siku bila matapishi. Alianza kushika kuta akitembea hata akiwa hajaivaa. Chakula alikirudisha, mgebuka, samaki aliyekuwa anamgombania hata kichwa chake toka utotoni, sasa alimgeuzageuza tu. Nyandwi naye alitapika, ila yeye alikuwa na mwili. Wenyewe walisema ni kawaida, ni mashine kuchelewa, wataitengeneza. Nami usiku nilisimama mlangoni kwa Kalunde nikihesabu pumzi zake, nikijiambia kwamba lile shimo halikushiba na mwanangu na sasa limetuma mtu kuja kumchukua binti yake.

Siku niliyoiogopa ilikuja mchana wa kiangazi, umeme ulikuwa umerudi na wao walitaka kuufaidi kabla haujakatika tena. Nilisikia kishindo na kilio kimoja kifupi. Nilipoingia Kalunde alikuwa chini, ubavu wake kwenye pembe ya kabati, damu inatoka juu ya nyusi, na mikono yake miwili inasukuma kitu juu ya kichwa chake, anasukuma kwa nguvu zote na hakuna kitu. Nyandwi alikuwa anahangaika na mkanda. Nilimng'oa boksi usoni mimi mwenyewe. Macho yake yalikuwa wazi, yalinipita kama siko. "Nimegeuka," akasema, "ukuta haukugeuka na mimi. Nimegeuka, ukabaki, halafu ukaja wote kwa pamoja." Nilimfunga kitambaa. Nikawaambia wote wawili, bila kupaza sauti, kwamba kesho ile miwani inatoka nyumbani kwangu, na asiyetaka kutengana nayo atoke nayo.

Hata hivyo watu wanakula. Niliwawekea ugali na yule mgebuka, tukakaa watatu kwenye mkeka, Kalunde na kitambaa chake kichwani kama mzazi mpya. Nikavunja tonge la kwanza. "Inachelewa nini hiyo mashine?" nikauliza. Nyandwi alinijibu kwa woga, tonge mkononi. "Bibi, mtu akigeuza kichwa ni kama anauliza: huku kuna nini? Injini inasikia swali. Inakwenda kupima mwamba umekaaje, inapanga vumbi, inawasha taa, inatafuta sauti, inachora vyote. Ikimaliza ndiyo inamwonyesha. Kwa saa ya ukutani ni kufumba na kufumbua, lakini mwili unajua kwamba haukujibiwa. Unaogopa, ndiyo unatapika."

Nilimtazama sana. "Nyie nani aliwafundisha kupokea mgeni?" Hawakuelewa. Nikaendelea, maana nilikuwa nimekasirika na hasira yangu ilitaka pa kutokea. "Mgeni anapiga hodi mlangoni. Wewe unanyamaza. Unakwenda kwanza kuchota maji, unaosha kiti, unachinja kuku, unamnyonyoa, unamchemsha, halafu ndiyo unakumbuka kusema karibu? Si utakuta ameshakimbia? Si atadhani humo ndani wamekufa? Hodi ikipigwa unajibu palepale, hata kama uko bafuni, hata kama una sabuni machoni. Karibu haingoji kiti. Kiti kitakuja baadaye. Hakuna kiti, mkalishe kwenye kinu, lakini mjibu."

Nyandwi alirudisha tonge kwenye sahani. Kalunde alikuwa ameacha kutafuna. Walitazamana kwa namna ambayo niliogopa tena, nikidhani nimewatukana kupita kiasi. "Kinu," akasema Kalunde. "Picha ya zamani." "Unaisogeza tu kufuata kichwa," akasema Nyandwi. "Haina haja iwe mpya." "Haingoji mtu," akasema Kalunde. "Haingoji mtu!" Wakainuka na mikono yao ya ugali, wakaenda kabatini, wakafuta karibu vyote. Nilibaki na samaki watatu mkekani. Sikujua kama nimewafukuza au nimewapa kuni.

Baadaye walinieleza, na hili nalielewa mpaka leo vizuri kuliko mambo mengi niliyofundishwa darasani. Kosa lao lilikuwa kupanga visanduku kwenye mstari mmoja, kila mmoja akimngoja wa mbele yake, na aliyekaa mlangoni akiwa wa mwisho kwenye mstari. Sasa wakakitoa kisanduku kimoja wakakiweka peke yake karibu na ukingo, wakakiandika KARIBU, na chini yake Nyandwi akaandika kwa chaki nyekundu: huyu hangoji mtu. Kazi yake ni moja tu, kukijibu kichwa. Kichwa kikigeuka, anachukua picha iliyopo, anaisukuma upande kichwa kilikoelekea, anamwonyesha. Nyuma yake ndiko jikoni. Wa mwamba anapika mwamba wake, wa vumbi vumbi lake, wa sauti sauti yake, kila mmoja kwa mwendo wake, na hakuna ruhusa kuingia jiko la mwenzako. Akimaliza anapakua kwenye rafu. Nikawauliza je, Karibu akinyoosha mkono wakati wa mwamba bado anapakua, si atabeba sahani nusu? Nyandwi akapiga paja. Wakachora rafu mbili, kama tunavyofanya kwenye msiba mkubwa, sufuria moja inapakuliwa na nyingine iko motoni, na hazichanganywi mpaka ya kwanza iishe. Miwani haikutoka kesho yake. Niliwapa mwezi mmoja, nikasema tone lingine la damu likidondoka, mchi upo.

Sitasema hofu iliisha. Ilibadilika mahali pa kukaa. Kalunde alirudi kula, ndoo niliirudisha bafuni, ila kadiri mashine ilivyopona ndivyo lile duara lilivyozidi kuwa duara. Na siku moja akaniambia kwamba picha sasa ni nzuri lakini milio ni ya uongo, na ingefaa ashuke kwenye shimo la kweli aisikie. Nikamwambia akae. Nikamwambia asiandike chochote, asikilize. Nilimsimulia yote niliyokuwa sijamsimulia mtu: muhogo mkavu, na kile kimya kidogo kinachoufuata, ambacho ndicho nafasi ya mtu kukimbia, na mchanga unaoanza kumiminika kabla ya mawe, sauti yake kama mchele unaopepetwa. Nilichukua ungo na mchele nikamfanyia. Nilivunja muhogo mbele ya kinasa sauti cha Nyandwi, mihogo sita, mpaka nikapata ule mlio wenyewe. Nilipoupata niliweka muhogo chini. "Ndio huo," nikasema. "Na wewe huna sababu tena ya kushuka. Niapie." Kalunde akasema hatashuka duara la kweli bila ruhusa yangu. Hakusema hatashuka kamwe. Nililiona hilo, nikaliacha.

Wa kwanza kuvaa baada ya hapo nilikuwa mimi. Nilisema kama ni mtego, unase mzee. Bi Zuhura alikuja kushuhudia, akakaa kitandani na mkono mdomoni. "Nyamizi, ukifia humo nani atanirudishia ungo wangu?" "Chukua kabisa sasa hivi," nikamjibu. Walinikalisha kwenye kiti katikati ya chumba, wakanifunga boksi, dunia ikazima. Ilipowaka nilikuwa mdomoni mwa duara. Sikufikiri, nilisema hodi. Halikujibu kwa sauti, hawakuwa wameweka sauti ya mtu na nawashukuru kwa hilo. Lakini niligeuza kichwa ghafla, kama mtu anayemvizia mwizi, nikakuta ukuta umeshafika. Niligeuka upande wa pili, umeshafika. Juu, chini. Hakuna nilipopiga hodi pakanyamaza. Nilishuka. Nikaona magogo, taa ikitikisika kwenye ngazi iliyoibeba, nikaona jembe limeegemezwa kama mwenyewe amekwenda kula chakula cha mchana. Halafu muhogo ukavunjika. Sikumbuki nilichofanya. Waliponitoa boksi, kiti nilichokuwa nimekalia katikati ya chumba kilikuwa mlangoni, nami bado nimekikalia. Nilikuwa nimekikokota mzima mzima kwa makalio na visigino. Hata Bi Zuhura hakucheka. Nikawaambia, "Inatosha. Panatisha vya kutosha. Wafundisheni."

Huo ndio mwaka wenyewe. Waliondoka mvua zilipoanza. Kalunde alihamia karibu na wachimbaji, Nyandwi alikwenda mbali kwa kazi nyingine, na mimi nikabaki na kabati nisilolifuta.

Siku ya tisa tangu Nyandwi alete ule ujumbe, nilifungua mlango wa kabati kama kawaida, nikasoma chaki nyekundu: huyu hangoji mtu. Nikaona haya peke yangu. Mjukuu wangu alikuwa amepiga hodi siku tisa, na mimi niliyewakaripia watu wazima juu ya mkeka nilikuwa nimejifungia ndani, kimya, natafuta kiti. Sikungoja hofu iondoke. Hofu ndiyo kuku, huchemka taratibu. Nikachukua simu nikampigia. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mke mwenzangu. Karibu." "Karibu nini, Bibi?" "Umepiga hodi, nimekujibu. Ila siku ya kushuka nitakuwepo, na utaratibu utakuwa ule wa zamani."

Nilikwenda juzi, Nyandwi alinipeleka. Si machimbo yaleyale, lakini mdomo wa shimo ni mdomo wa shimo. Wachimbaji walimvisha Kalunde kofia na mkanda, wakakagua kamba mbele yangu mara mbili kwa sababu niliwaambia wakague mara mbili. Msimamizi akaniomba, "Bibi, sogea nyuma kidogo, utateleza." Nikamwambia nimeteleza miaka mingi iliyopita, sasa nimesimama. Kalunde akanishika mkono, wake ulikuwa wa baridi kama wangu, akashuka. Kofia ikawa kisahani, kisahani kikawa tochi, tochi ikaingia ubavuni ikapotea. Nikainama. "Hodi!" Kabla mwangwi haujanirudia: "Karibu, Bibi!" Nikahesabu pumzi kumi. "Hodi!" "Karibu!" Vijana walianza kuchekacheka nyuma yangu, halafu mmoja wao akawaambia waache. Nilipiga hodi mara kumi na nne, akajibu zote kumi na nne. Ya kumi na tano nilipiga kwa nguvu zaidi, nimeinama mpaka kilemba kikanidondoka shimoni, na "karibu" yake haikutoka chini. Ilitoka nyuma ya bega langu. Walikuwa wameshamvuta juu kupitia mdomo wa pili wa shimo, ulioko nyuma yangu, amesimama na matope usoni, na mimi bado nilikuwa natazama kule gizani.